Slaidi za baraza zianzie kwenye swali la diwani

Kila msimu wa bajeti, kati ya Januari na Machi, halmashauri saba za Mkoa wa Singida, yaani Manispaa ya Singida, Wilaya ya Singida, Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi, huitisha vikao vya kamati na mabaraza ya madiwani kupitia mipango ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Wakuu wa idara husimama mmoja baada ya mwingine, projekta inawashwa, taarifa inaonyeshwa ukutani. Maamuzi yanayotoka humo ni mazito: zahanati ipi imaliziwe kwanza, barabara ipi isubiri, mapato ya ndani yaende wapi. Ninachotetea hapa ni kwamba ubora wa maamuzi hayo unategemea sana jambo ambalo wengi wanaliona kama mapambo tu, nalo ni jinsi slaidi zinavyopangwa kabla kompyuta haijafunguliwa. Mtaalamu anayetaka kueleweka ataanza kuzipanga kutoka kwenye swali ambalo diwani anatakiwa kulijibu siku hiyo. Sasa hivi wengi huanzia kwenye taarifa waliyo nayo tayari, wakitafuta namna ya kuieneza yote ukutani.

Chukua slaidi iliyozoeleka kuliko zote, ile ya utekelezaji wa miradi kwa robo mwaka. Ni jedwali lililonyofolewa zima kutoka kwenye taarifa ya maandishi: namba, jina la mradi, kata, chanzo cha fedha, bajeti iliyoidhinishwa, fedha iliyopokelewa, fedha iliyotumika, asilimia ya utekelezaji, na mwishoni safu nyembamba ya maoni ambamo maneno yamekatwakatwa ili yaenee. Mistari kumi na tano au ishirini, herufi ndogo, na jua la mchana linapenya madirishani na kufifisha maandishi. Mtoa taarifa anasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kama inavyoonekana," kisha anasoma mstari mmoja baada ya mwingine. Kinachofuata ni rahisi kukitabiri. Kila diwani anasubiri kata yake itajwe. Mstari wake ukifika anainua macho, ukipita anarudi kwenye kabrasha au kwenye simu. Kila mmoja atatoka na habari za mradi wake, lakini baraza zima, likiwa chombo kimoja cha kusimamia halmashauri, halijaelezwa kama miradi mingi imekwama kwa sababu fedha zimechelewa kuingia, kwa sababu mafundi wamezidiwa na kazi, au kwa sababu nguvu za wananchi zilizotarajiwa hazikujitokeza. Sababu hizo tatu zinadai maamuzi matatu tofauti. Zote zimo ndani ya jedwali lile lile, ila zinahitaji mtu wa kuzichambua, na wa kuzichambua ni mtaalamu, akiwa ofisini kwake kabla ya kikao.

Tatizo linaanzia pale karatasi moja inapopewa kazi mbili. Kabrasha la kikao ni kumbukumbu na ushahidi. Linasomwa kwa utulivu. Msomaji anarudi nyuma, anajumlisha pembeni kwa kalamu, anaweka alama penye shaka. Slaidi inatazamwa kwa dakika moja au mbili, na watu wengi kwa pamoja, huku mtu mwingine akizungumza. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa zinaponyoka zote mbili: kabrasha halisomwi kwa kuwa watu wanajua litasomwa ukutani, na ukutani halisomeki. Robert Gaskins na wenzake walipotoa programu ya PowerPoint mwaka 1987, kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, walikuwa wanarahisisha kazi ya kuandaa zile karatasi angavu zilizokuwa zikiwekwa juu ya mashine ya kuangazia. Msemaji ndiye aliyebaki kuwa mwenye hoja, na karatasi ilimsaidia. Urahisi huo huo ndio uliofanya kunakili ukurasa mzima kuwe kwepesi kuliko kufikiri nini cha kuonyesha.

Kwamba kusikiliza na kusoma kwa wakati mmoja kunamchosha mtu ni jambo lililopimwa. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Barbara, amefanya majaribio ya aina hii kwa miongo kadhaa. Wanafunzi wanaoona picha na kusikia maelezo kwa sauti kwa kawaida huelewa zaidi ya wale wanaoona picha hiyo hiyo, wakasikia maelezo hayo hayo, na juu yake wakawekewa maandishi yanayorudia kila neno. Macho yanagawanyika kati ya picha na maandishi, na akili inapoteza nguvu kulinganisha kinachosomwa na kinachosikika. Mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001, alipitia tafiti nyingi za kumbukumbu ya muda mfupi na kuonyesha kuwa watu wazima hushika kwa pamoja kama mambo manne tu. Jedwali la mistari ishirini na safu tisa lina visanduku 180. Hakuna diwani, awe mwalimu mstaafu au mfanyabiashara wa vitunguu, anayeweza kuvibeba hivyo kichwani kwa dakika mbili, na hata profesa hawezi. Kwa hiyo kauli kwamba madiwani hawaelewi takwimu ni ya kumwonea msikilizaji kwa kosa la mpangaji.

Madhara yanaweza kwenda mbali kuliko kusinzia ukumbini. Januari 16, 2003, chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia, kiliporuka, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwaandalia viongozi wa NASA slaidi za kutathmini madhara. Mojawapo ilichambuliwa baadaye na Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa takwimu, na uchambuzi wake ukaingizwa katika ripoti ya tume iliyochunguza ajali. Kichwa cha slaidi hiyo kilitoa picha ya kutuliza. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ndimo ilimokuwa habari iliyobeba uzito wote: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, na majaribio yaliyotegemewa yalikuwa ya vipande vya inchi za ujazo 3. Tofauti ni mara 640, na maana yake ni kwamba majaribio yale hayakuwa na la kusema kuhusu ajali hii. Viongozi wakaendelea kuamini kuwa hakuna hatari. Februari 1 Columbia ilisambaratika ikirejea duniani na wanaanga wote saba wakafa. Slaidi moja haikuiangusha Columbia, na tume ilitaja sababu nyingi, zikiwemo za utamaduni wa kazi ndani ya NASA. Lakini tume ilisema wazi kwamba tabia ya kutumia slaidi mahali pa ripoti za kitaalamu ilikuwa sehemu ya tatizo. Wale walikuwa wahandisi wakizungumza na wahandisi. Sisi tunazungumza na wawakilishi wa wananchi, ambao sheria inawataka wajue kusoma na kuandika na haiwatazamii kuwa wachambuzi wa majedwali.

Sasa tuone kupanga kunakuwaje, kwa takwimu za Singida yenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika mkoa huu, na ya mwaka 2022 ikahesabu 2,008,058. Afisa mipango aliyezoea njia ya kawaida ataandika juu ya slaidi "Hali ya idadi ya watu", kisha abandike jedwali la wilaya, jinsia, ukubwa wa kaya na msongamano kwa kilometa ya mraba. Kichwa cha namna hiyo ni jina la kabati, hakisemi kilichomo. Afisa anayeanza na swali atajiuliza kwanza diwani anahitaji kuamua nini. Anahitaji kujua kama madarasa, visima na zahanati zilizopangwa zinalingana na watu waliopo. Basi kichwa chake kitakuwa sentensi kamili: "Katika miaka 10 watu wa Singida wameongezeka kwa karibu nusu." Chini yake nguzo tatu tu: mwaka 2002 kiasi cha milioni 1.09, mwaka 2012 milioni 1.37, mwaka 2022 milioni 2.01. Jicho linaona lenyewe kwamba ngazi ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, kwamba ongezeko la muongo wa kwanza lilikuwa kama watu 280,000 na la muongo wa pili zaidi ya 637,000. Hapo hapo swali linalofuata linajileta: na sisi tumeongeza madarasa kwa kiasi gani katika kipindi hicho? Hiyo ndiyo slaidi ya pili, nayo pia iwe na sentensi na picha yake. Wenye kutaka mchanganuo wa kata kwa kata wataupata ndani ya kabrasha, ukurasa uliotajwa pembeni mwa slaidi.

Michael Alley, mwalimu wa uandishi wa kihandisi nchini Marekani, na wenzake walilijaribu jambo hili la vichwa vya sentensi kwa wanafunzi wa chuo, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliofundishwa kwa slaidi zenye kichwa cha sentensi kamili walikumbuka hoja kuu vizuri zaidi ya waliofundishwa kwa slaidi zenye kichwa cha maneno mawili matatu. Faida ya kukumbuka ni kubwa, ila mimi naona ipo nyingine kubwa kuliko hiyo, nayo inampata mtayarishaji mwenyewe. Ukilazimika kuandika sentensi, unalazimika kuwa na la kusema.

Alizeti inatoa mfano mzuri. Singida ni miongoni mwa mikoa mitatu, pamoja na Dodoma na Simiyu, ambayo Serikali iliiteua kuongoza mkakati wa kuongeza uzalishaji wa alizeti ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula kutoka nje. Mbegu za ruzuku ziligawiwa, maafisa ugani wakahimizwa, na taarifa za kilimo zikajaa takwimu za ekari na tani. Bei iliposhuka mwaka 2023, wakulima wengi wa kanda ya kati walilalamika, na mjadala ukahamia kwenye ushuru wa forodha wa mafuta yanayoingizwa nchini. Diwani wa kata inayolima alizeti ana maswali yake, na si mengi: mkulima akiacha mbegu ya zamani aliyoihifadhi mwenyewe na kununua chotara, ambayo lazima ainunue upya kila msimu, ataongeza magunia mangapi kwa ekari? Gharama ya mbegu itarudi kwa bei ipi? Bei ikianguka tena, nani anabeba hasara? Afisa kilimo akiyaandika maswali hayo kwenye karatasi kabla ya kufungua kompyuta, huenda akagundua kwamba ana idadi ya kilo za mbegu zilizogawiwa na hana mavuno ya mashamba yaliyopandwa mbegu hizo. Ugunduzi huo una thamani kuliko slaidi yoyote. Ana wiki kadhaa za kuwapigia simu maafisa ugani wa kata wakapime magunia ya wakulima kadhaa, na kama muda hautoshi, atalieleza baraza kwamba mavuno bado hayajapimwa na kuomba fedha za kuyapima. Jedwali la kilo zilizogawiwa lingempitisha salama, na baraza lingepitisha mamilioni mengine bila kujua kama ya kwanza yalizaa.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu uwazi. Mtu atasema: mkipunguza namba ukutani mnampa mkurugenzi na wakuu wa idara nafasi ya kuchagua cha kuonyesha na kuficha kinachowaumbua. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutaja kila mwaka kasoro katika halmashauri ambazo taarifa zao zilipita mikononi mwa madiwani. Lakini tuangalie zilipitaje. Zilipita zikiwa na majedwali kamili. Mistari ishirini ni maficho bora kuliko sentensi moja, maana sentensi inaweza kupingwa: ukiandika "Miradi sita kati ya tisa imechelewa kwa sababu fedha ziliingia robo ya tatu", diwani atauliza hizo tatu nyingine zina nini, na mwenye taarifa tofauti kutoka katani kwake atasimama kuitoa. Ninachopendekeza hakiondoi namba hata moja kwenye kabrasha. Kinataka kabrasha liwafikie madiwani mapema, kama kanuni za kudumu zinavyotaka, na kila slaidi itaje ukurasa ambako takwimu zake zimetoka.

Kuna udanganyifu wa picha pia, na wanaotetea slaidi nyepesi hawana budi kuukubali. Tuseme makusanyo ya mapato ya ndani yamepanda kutoka asilimia 90 ya lengo hadi asilimia 94. Mchora grafu akianzisha nguzo zake kwenye 88 badala ya sifuri, nguzo ya pili itasimama mara tatu ya ya kwanza, na ukumbi utapiga makofi kwa ongezeko la pointi nne. Kwa sababu hiyo kamati ya fedha ingefanya vema kujiwekea kanuni chache za picha: nguzo zianze sifuri, mwaka na chanzo viandikwe, lengo lionekane kando ya matokeo. Mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayogawanywa 4, 4 na 2, ingefaa kuwa ya kwanza kuonyeshwa hivyo, kila kundi na nguzo tatu: kilichotakiwa kutengwa, kilichokopeshwa, kilichorejeshwa. Nguzo ya tatu ikiwa fupi, itaonekana na mtu aliyekaa kiti cha mwisho.

Wapo watakaosema kwamba muundo wa taarifa unatoka juu, kwamba majedwali yanatolewa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, yakiwa hivyo yalivyo, na mtaalamu hana mamlaka ya kuyabadili. Muundo huo unaifunga taarifa ya maandishi, na ibaki nao. Ukuta wa ukumbi haujapangiwa muundo na mtu. Wengine watataja muda, nao wana haki, kwa kuwa afisa mmoja huandaa taarifa ya kamati, ya timu ya menejimenti, ya baraza na ya Kamati ya Ushauri ya Mkoa ndani ya mwezi mmoja. Ila muda huo unaliwa zaidi na kunakili na kupunguza herufi hadi jedwali liingie. Slaidi sita zenye sentensi sita zinahitaji asubuhi moja ya kufikiri, na slaidi arobaini zinaweza kula siku mbili bila kumlazimu mtu kufikiri chochote. Na hata pale ambapo baraza linatakiwa kupokea taarifa tu, bila kuamua fedha, kupokea ni kitendo cha usimamizi. Kinasajiliwa kwenye muhtasari na kinaweza kurejewa na mkaguzi.

Lugha nayo ni sehemu ya mpango. Vikao vya halmashauri vinaendeshwa kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama na ya sheria za nchi. Bado slaidi nyingi hubeba vifupisho na maneno ya Kiingereza yaliyohamishwa kutoka kwenye andiko la mradi au mwongozo wa mfadhili. Diwani anayevikuta hatauliza mbele ya wenzake, atatikisa kichwa. Kikao kilichojaa watu wanaotikisa kichwa kwa jambo wasilolielewa kitapitisha chochote, na gharama italipwa kijijini.

Huko kijijini, kwa hakika, ndiko slaidi inakopata mtihani wake. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe hapo, mara nyingi chini ya mti au kwenye darasa lisilo na umeme. Mtendaji hana projekta. Ana bango kitita na kalamu ya wino mzito. Kwa hiyo ninawapendekezea wakuu wa idara wa Singida njia moja ya kazi kwa msimu ujao: kila slaidi ichorwe kwanza kwa mkono kwenye karatasi ya bango kitita. Isiyochoreka kwa mkono irudi kwenye kabrasha. Zilizobaki ziingizwe kwenye kompyuta kwa ajili ya baraza, na karatasi zenyewe ziende na diwani na mtendaji wa kata hadi vijijini. Kwa idara ya kilimo ya Ikungi au Iramba hazitazidi tano: ekari za alizeti mwaka jana na mwaka huu, magunia kwa ekari kwa mbegu ya zamani na kwa chotara, bei ya gunia kwa misimu mitatu, kiasi cha ushuru wa mazao kilichokusanywa kutoka humo, na fedha ambayo idara inaomba pamoja na kazi itakayofanya.